Seva kuukuu ya Xeon mbili inajizima jioni, UPS ipo na vitu vingine haviguswi (Mtwara mjini)

#1 ShanganiData
Wakuu, habari za jioni. Nina seva inayojizima ghafla. Nimeweka vipimo vyote ili tusianze kubahatisha.

Mashine ni ya mnara, ya mwaka 2005. Prosesa mbili za Xeon, GHz 3.0 kila moja, soketi 604. RAM GB 8 za ECC. Diski sita za SCSI Ultra320, mizunguko 10,000 kwa dakika. Pawasaplai ni moja, wati 600, aina ya EPS12V yenye PFC. Mfumo ni CentOS 5. Imebeba kumbukumbu ambazo programu yake haikubali mfumo mpya zaidi, kwa hiyo mpaka uhamishaji ukamilike lazima iishi.

Umeme unatoka ukutani, unapita stebilaiza ya rilei, kisha UPS ya VA 1500 ya kawaida yenye AVR (kirekebisha volteji cha ndani), ndipo unafika kwenye seva. Swichi ya mtandao na skrini vipo kwenye UPS hiyohiyo na havizimiki.

Inazima mara tatu hadi tano kwa wiki, nyingi kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Ikizima, kataa ka kijani kwenye mazabodi kanabaki kanawaka. Ukibonyeza kitufe haiwaki. Ukichomoa kebo ya umeme nusu dakika ukarudisha, inawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Vipimo ikiwa imetulia: waya wa njano (volti 12) 12.08, mwekundu (volti 5) 5.03, wa chungwa (volti 3.3) 3.31. Joto la prosesa nyuzi 58. Feni zote zinazunguka. Memtest ya kupima RAM imeendeshwa kwa muda wa saa 12, haina kosa. Betri ya mazabodi, CR2032, ni mpya.

#2 KusiVolti
Mkuu, hako kataa ka kijani ndiko kameshatuambia nusu ya jibu. Seva huzima kwa namna nne, na kila namna ina mlango wake:

Ikizima na taa ya mazabodi nayo ikafa, umeme haukufika kabisa. Angalia soketi, fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi, kebo, UPS, au ile sehemu ya pawasaplai inayotoa volti 5 za kusubiri.

Ikizima halafu ikawaka yenyewe, ama ishara ya umeme mzuri, waya wa kijivu, ilianguka kwa kitambo kidogo, ama kuna saa ya ulinzi kwenye bayosi inayoanzisha mashine upya mfumo ukikwama.

Ikizima kwa utaratibu, huduma zikifungwa moja moja, hiyo ni amri. Mara nyingi ni programu ya UPS au kitufe kinachojigusa.

Ikizima, taa ikabaki, na kitufe kikagoma mpaka uchomoe kebo, pawasaplai imejifunga. Ulinzi wake umeona volteji imeshuka, imepanda, mkondo umezidi au joto limezidi, ikakata matokeo makubwa na kuacha yale ya kusubiri. Yako ni hii ya nne.

Tuletee majibu ya `last -x` (rekodi ya kuwaka na kuzima), `ipmitool sel elist` (orodha ya matukio) na `ipmitool chassis status` (hali ya mashine). Kabla ya kusoma orodha ya matukio, hakikisha saa yake kwa `ipmitool sel time get`. Betri ikifa, saa hiyo hupotea na ukasoma tukio la jana ukadhani la mwaka juzi.

#3 ShanganiData
`last -x` inaonyesha crash, yaani kufa ghafla, kila mara, hakuna kuzima kwa utaratibu. `chassis status` inasema Main Power Fault: true, yaani hitilafu ya umeme mkuu. Kwenye matukio hakuna mstari wowote wa joto wala wa RAM. Volteji nazo hakuna iliyoandikwa kuwa imeshuka.

#4 Mikindani_IT
Nunua pawasaplai nyingine, kazi imeisha. Ya miaka yote hiyo unaichunguza nini?

#5 KusiVolti
Mkuu, naomba kutofautiana nawe kwa sababu mbili. Ya kwanza, baadhi ya seva za zama hizo zina plagi ya pini 24 inayofanana kabisa na ya kawaida lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukichomeka bila kulinganisha pini kwa pini unaua mazabodi, na hiyo haipatikani Mtwara wala Kariakoo. Ya pili, hatujui kama pawasaplai ndiyo mgonjwa au inajilinda na kitu kingine. Ukibadili kifaa bila kupima, tatizo likirudi utakuwa huna pa kuanzia.

ShanganiData, volteji kutoandikwa isikudanganye. Kidhibiti cha mazabodi kinachoandika matukio husoma vihisi kwa zamu, kila baada ya sekunde moja au zaidi. Mporomoko wa milisekunde tano unapita katikati ya zamu mbili. Vivyo hivyo multimita: 12.08 mashine ikiwa imetulia inathibitisha tu kwamba iko salama ikiwa imetulia.

Swali: kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku kuna kazi gani inaanza kwenye hiyo seva?

#6 ShanganiData
Nakala rudufu (bakapu) ya usiku. Inaanza saa moja kamili, inabana data zote na kuandika kwenye diski, inachukua kama saa moja na nusu. Lakini imewahi kuzima saa nne asubuhi pia, na kuna siku nakala inakwisha salama kabisa.

#7 BintiLehemu
Saa nne asubuhi kulikuwa na kazi nzito? Na UPS ililia au kugonga "tak"?

#8 ShanganiData
Dada, ndiyo. Kulikuwa na ripoti ya mwezi inatolewa. Kugonga, UPS hugonga mara nyingi kwa siku, hasa jioni watu wakirudi majumbani umeme ukishuka. Hatukuwa tunahesabu.

#9 BintiLehemu
Basi nadhani tumefika. Mzigo mzito peke yake hauizimi, kwa sababu nakala nyingine zinakwisha salama. Kugonga kwa UPS peke yake hakuizimi, kwa sababu inagonga mchana kutwa. Vinapokutana viwili ndipo inakufa. Hiyo ni tabia ya kapasita kuu iliyochoka.

Ndani ya pawasaplai yako, sakiti ya PFC inapandisha umeme wa ukutani mpaka karibu volti 380 za mkondo mnyoofu na kuuhifadhi kwenye kapasita kubwa moja. Ndiyo pipa la akiba. UPS ya kawaida inapohama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri (ndipo inapogonga), kuna pengo la milisekunde 4 hadi 10 ambalo hakuna umeme kabisa. Katika pengo hilo seva inakunywa kutoka kwenye pipa. Pawasaplai isiyo mbovu inatakiwa ihimili milisekunde 16 au zaidi ikiwa na mzigo mzito.

Hesabu yake ni rahisi. Nishati inayoweza kutumika ni nusu ya uwezo wa kapasita mara tofauti ya mraba wa volteji ya mwanzo na ya mwisho. Tuchukue kwamba ni maikrofaradi 330, na pawasaplai inaachia ikishuka volti 300. 380 kwa mraba ni 144,400, 300 kwa mraba ni 90,000, tofauti 54,400. Mara 0.000330, gawa kwa mbili, unapata juli 9 hivi. Seva ikivuta wati 390, juli 9 zinadumu milisekunde 23. Salama.

Sasa kapasita ikianguka hadi maikrofaradi 140, unabaki na juli 3.8. Kwa wati 390 ni milisekunde chini ya 10, pengo la UPS linaweza kukupita. Kwa wati 210, mashine ikiwa imetulia, ni milisekunde 18, linapita bila mtu kujua. Swichi na skrini havizimiki kwa sababu vinavuta kidogo mno, akiba yao inatosha.

Na ndiyo maana taa ya kijani inabaki. Volti 5 za kusubiri zinachota kwenye pipa hilohilo, ila wati chache tu, na zinafanya kazi hata volteji ya pipa ikiwa chini sana. Matokeo makubwa yanaanguka, ulinzi unajifunga, kusubiri kunaendelea. Hata ule mpangilio wa bayosi wa kuwaka umeme ukirudi hautakusaidia, kwa sababu kwa macho ya mazabodi umeme haukuwahi kuondoka.

#10 Mikindani_IT
Hapo nimekuelewa. Lakini kabla ya kufungua pawasaplai unathibitishaje?

#11 BintiLehemu
Kwa kukata umeme makusudi, seva ikiwa haina cha kupoteza.

Zima kanzidata, zima mashine kwa utaratibu, iwashe kwa CD ya Linux isiyogusa diski. Usifanye jaribio hili juu ya mfumo unaotumika, utaharibu data kwa mikono yako. Weka kipima wati kati ya UPS na seva. Acha itulie, andika wati. Kisha kata umeme wa UPS kwa kuzima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi. Swichi inakata laivu na kuacha waya wa ethi umeunganishwa, ukichomoa plagi unaiacha mashine nzima ikielea bila ethi. Subiri sekunde 10, washa, subiri dakika moja. Rudia mara kumi.

Halafu ipe mzigo. Xeon zako mbili zinaonekana kama prosesa nne, kwa hiyo endesha `md5sum /dev/zero &` mara nne, na kwa kila diski `dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M &` ukibadili herufi. Hapo dd inasoma tu. Angalia mara mbili kwamba of ni /dev/null kabla ya kubonyeza. Kata tena mara kumi.

Mara kumi si mapambo. Pengo la UPS linabadilika kutegemea wimbi lilikuwa wapi wakati wa kukatika, kwa hiyo jaribio moja likipita halina maana.

#12 ShanganiData
Majibu.
Imetulia: wati 208. Imekatwa mara 10, imezima 0.
Mzigo: wati 391. Imekatwa mara 10, imezima 4, kila mara taa ya kijani imebaki.
Nimeondoa stebilaiza, mzigo uleule: 4 kwa 10.
Nimeazima UPS ya onlaini, ile inayobadili umeme mara mbili muda wote na haina pengo: 0 kwa 10.

#13 KusiVolti
Hilo la mwisho limefunga hoja. Kosa lingekuwa ni mkondo kuzidi au joto, UPS ya onlaini isingeleta tofauti, maana wati ni zilezile.

Ila usirudishe stebilaiza. Inapobadili hatua, rilei yake inaachia mguu mmoja kabla ya kushika mwingine. UPS inaona kama umeme umekatika na kukimbilia betri. AVR iliyo ndani ya UPS inatosha. Kama UPS yako ina mpangilio wa wepesi wa kuhisi, ushushe hatua moja, itapunguza safari za betri zisizo za lazima. Soketi yenyewe ipime jioni: laivu na nyutro iwe kati ya volti 207 na 253, nyutro na ethi isizidi volti 2 au 3 kukiwa na mzigo.

#14 BintiLehemu
Sasa kufungua. Hapa naomba usomwe polepole, hii ni sehemu inayoua watu. Kapasita hiyo inaweza kubaki na mamia ya volti baada ya kuchomoa kebo. Chomoa, subiri dakika 10, fungua, usiguse kitu. Multimita kwenye volti 1000 za mkondo mnyoofu, pima miguu ya kapasita. Kisha rezista ya omu 10,000, wati 10, iliyolehemewa kwenye nyaya zenye maganda mazuri, ishikilie kwenye miguu sekunde 30. Kwa maikrofaradi 330 chaji inashuka hadi theluthi moja hivi kila sekunde 3.3, kwa hiyo 30 zinatosha kabisa. Pima tena, iwe chini ya volti 5. Usitumie bisibisi kuifyatua. Inarusha chuma kilichoyeyuka na kuunguza njia za shaba.

Itoe kwenye bodi, ipime ikiwa nje. Ikiwa imelehemewa, vitu vingine vinachanganya kipimo. Chini ya asilimia 80 ya kilichoandikwa, imekwisha. Na usitegemee kuiona imevimba. Kapasita kubwa za volti 400 mara nyingi hukauka kimyakimya zikiwa na umbo zuri.

#15 ShanganiData
Imetoka. Imeandikwa maikrofaradi 330, volti 400, nyuzi 105. Imesoma 138. Haijavimba hata kidogo.

#16 KusiVolti
138 kwa wati 391 ni milisekunde 9.6. UPS ya kawaida huhama ndani ya 4 hadi 10. Kwa hiyo kuzima mara nyingine na kupona mara nyingine ndiko kulikotarajiwa.

#17 BintiLehemu
Nunua maikrofaradi 330 au 390, volti 450, nyuzi 105, ya miguu ya kusukuma. Pima kipenyo, urefu na nafasi ya miguu ya ile ya zamani kabla ya kuagiza Dar, kwa sababu volti 450 mara nyingi huwa nene au ndefu zaidi na kifuniko kinaweza kugoma. Usipande hadi 680 ukidhani unaongeza uhai. Kapasita kubwa kupita kiasi inavuta mkondo mkali wakati wa kuwasha, na daraja la daiodi pamoja na swichi havikuandaliwa kwa hilo.

Ya kutoka kwenye TV mbovu usiweke, nayo imeshakula umri wake. Kapasita za feni na friji hazihusiani kabisa, hizo ni za mkondo geu. Na ukipokea mpya, ipime kabla ya kulehemu. Zipo zilizovalishwa ganda la kapasita kubwa na ndani ni ndogo.

Alama ya hasi iwe upande uleule. Ukiigeuza italipuka.

Ukiwa umeshafungua, badili na zile ndogo za matokeo ya kusubiri, kwa kawaida ni maikrofaradi 1000 za volti 10, aina ya ukinzani mdogo. Hizo hazijalala tangu siku seva ilipochomekwa, hata ilipozimwa zilikuwa kazini.

#18 Lindi_Bandarini
Wakuu, niongeze upande wa pwani, kwa sababu huku Lindi na huko Mtwara tunashiriki upepo mmoja. Vumbi likichanganyika na chumvi linavuta unyevu usiku na linaanza kupitisha umeme. Bodi ya pawasaplai ikiwa nje, isafishe kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, iache ikauke siku nzima kabla ya kuwasha. Usitumie spiriti ya hospitali yenye maji mengi.

Angalia pia plagi ya pini 8 ya prosesa. Xeon mbili za wati 103 ni wati 206, ukiongeza upotevu wa vidhibiti vya volteji ni kama 245, yaani ampea 20 kwenye nyaya nne za njano, ampea 5 kila mmoja. Pini yenye ukungu wa kijani ikiongeza miliomu 20 tu, inapoteza volti 0.1 na inazalisha nusu wati ya joto pale pale. Joto linalegeza pini, ukinzani unapanda, joto linapanda. Pima kwa multimita kwenye milivolti, ncha moja kwenye waya nyuma ya plagi, nyingine kwenye mguu wa plagi nyuma ya mazabodi, mzigo ukiwepo. Ikizidi milivolti 50, pini ibanwe upya au ibadilishwe. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia, badili plagi nzima.

#19 ShanganiData
Pini 8: milivolti 14, 16, 15 na 71. Ya nne ilikuwa na kijani kweli. Nimebadili pini hiyo, sasa 15.

Kapasita niliyoweka ni 390, volti 450, imesoma 381 kabla ya kulehemu. Mbili za kusubiri nazo mpya. Bodi imesafishwa. Kabla ya kuirudisha kwenye seva nimeijaribu kwa balbu za gari za wati 55, mbili kwenye volti 12.

#20 KusiVolti
Vizuri, ila kwa wengine watakaosoma: balbu baridi inavuta mkondo mara kumi hivi ya kawaida kwa muda mfupi, kwa hiyo waya wa kijani (wa kuwashia pawasaplai) ukiunganishwa na mweusi balbu zote zikiwa tayari zimefungwa, pawasaplai nzima inaweza kujifunga na ukaidhania mbovu. Anza na moja, ikiwaka ongeza. Na zile za zamani zinataka mzigo kidogo kwenye volti 5 pia, la sivyo volti 12 zinasoma vibaya.

Jaribio la soketi?

#21 ShanganiData
Bila stebilaiza, UPS ileile ya zamani, wati 388. Imekatwa mara 20, imezima 0. Volti 12 kwenye plagi ya prosesa mzigo ukiwepo: 11.94. Nakala za usiku nne zimekwisha salama, na UPS kwenye siku hizo imeandika kuhama mara 17.

#22 BintiLehemu
Hongera. Andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye ganda la pawasaplai. Kapasita ya nyuzi 105 iliyopewa saa 2,000 hudumu maradufu kwa kila nyuzi 10 unazoipunguzia. Ndani ya pawasaplai kukiwa na nyuzi 55 ni saa 64,000, miaka saba na kidogo. Ukiipeleka 65 unabaki na nusu ya hapo. Chumba cha Mtwara mwezi wa Desemba bila kiyoyozi kinakupeleka 65 haraka, kwa hiyo toa vumbi kwenye feni ya nyuma kila mwezi.

#23 Nachingwea_Net
Asanteni sana wakuu. Ya kwangu ni ya zama hizohizo lakini ina pawasaplai mbili. Haijawahi kuzima. Je, niko salama?

#24 BintiLehemu
Hapana, kiongozi, na yako ndiyo inayoficha ugonjwa. Mbili zikigawana mzigo, kila moja inabeba nusu, kwa hiyo muda wa kuhimili unaongezeka karibu mara mbili. Zote zinaweza kuwa zimebaki na theluthi ya kapasita usijue, mpaka siku moja ife, iliyobaki ibebe mzigo wote na izime UPS ikigonga mara ya kwanza. Washa kwa CD, ipe mzigo, chomoa pawasaplai ya kushoto, kata soketi mara kumi. Irudishe, subiri taa yake iwe ya kijani, chomoa ya kulia, kata tena mara kumi. Kila moja ikipita peke yake, hapo uko salama.

#25 Nachingwea_Net
Kushoto 0 kwa 10. Kulia 7 kwa 10. Naifungua kesho, rezista ya omu 10,000 ninayo.